Kioo ni Msaidizi wa Mpiga Picha

Ndugu msomaji, leo jioni, kazi zikiisha, hebu tazama picha zilizomo nyumbani mwako. Labda zimo katika albamu ya zamani, labda zimo ndani ya simu ya mwanao. Hesabu watu walioonekana humo. Watoto utawaona, maarusi utawaona, na yule aliyepokea Komunyo ya kwanza na soksi zake nyeupe utamwona pia. Kisha jiulize: Je, aliyepiga picha hizi yuko wapi? Mara nyingi hayumo. Ndiye aliyewaambia wengine, "Sogeeni, sogeeni," ndiye aliyewangojea wacheke, lakini yeye mwenyewe hana picha.

Baba yangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa na kamera ndogo ya filamu, naye hakukubali mtu mwingine aishike. Alipofariki dunia tulitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, tusipate ila ile ya kitambulisho, yenye sura ya mtu aliyeamriwa asicheke. Siku nyingi baada ya mazishi, mdogo wangu alikuwa akitazama picha yetu ya utotoni, tumesimama kando ya lori pale Tunduma, mara akatuita kwa sauti. Ndani ya kioo cha pembeni cha lori lile alionekana mtu mwenye kofia, ameinama, kamera iko machoni. Hakuzidi ukucha wa kidole cha mwisho. Tulimpelekea fundi aikuze picha hiyo, lakini uso ukawa ukungu mtupu. Mama aliitazama kitambo, akasema, "Ndiye. Hivyo ndivyo alivyosimama." Picha hiyo anayo mpaka leo.

Tangu hapo nimejifunza kazi ya kioo katika kupiga picha, na leo nataka nikueleze wewe. Huhitaji mashine za ghali. Kioo cha kujitazamia, beseni la maji, shuka jeupe, dirisha la duka, vyote hivi vyaweza kukusaidia, hata kama kamera yako ni simu ya kawaida tu.

MWANGA HURUDI KAMA MPIRA

Kwanza tujue kioo hufanya nini. Mtoto akipiga mpira ukutani moja kwa moja, mpira humrudia yeye. Akiupiga kwa mshazari kutoka kushoto, huenda kwa mwenzake aliye kulia. Mwanga nao hufanya hivyo. Ukiangukia kioo kwa pembe fulani, huondoka kwa pembe ile ile, upande wa pili. Hiyo ndiyo sheria yote, nawe ukiishika akilini hutahangaika tena kutafuta mahali pa kusimama.

Lakini mbona ukuta haurudishi sura yako kama kioo? Ukuta pia hurudisha mwanga, maana kama usingerudisha tusingeuona. Tofauti ni ulaini. Nenda Ndolezi, wilaya ya Mbozi, ukakitazame kile kimondo maarufu, ambacho habari zake ziliwafikia watu wa nje mwaka 1930. Ni pande la chuma lililoanguka kutoka angani, lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Karibu sehemu 90 katika 100 ni chuma, na nyingi ya zilizobaki ni madini ya nikeli. Hata hivyo hutauona uso wako humo, kwa sababu ngozi yake ni ya mashimo na mabonde, nayo hutawanya mwanga huku na huku. Kipande cha chuma hicho hicho kikisuguliwa mpaka kiwe laini kabisa kingeng'aa kama kioo.

Basi kumbuka mambo mawili: kitu laini hurudisha sura, kitu cheupe kisicho laini hurudisha mwanga mpole tu. Mpiga picha hutumia vyote viwili.

KULETA JUA NDANI YA NYUMBA

Nyumba zetu nyingi, hasa sehemu za baridi za Mbozi na Ileje, zina madirisha madogo. Bibi amezeeka, miguu imechoka, hawezi kukaa uani. Wajukuu wanataka picha yake, wanaingia ndani, wanawasha taa ya simu na kumwelekezea usoni. Bibi anafumba macho, kipaji kinang'aa, na nyuma yake ni giza kama la pangoni. Picha hiyo haimfai mtu aliyelea watoto wanane.

Fanya hivi. Ngoja saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, jua likiwa la upande. Mtu mmoja asimame nje na kioo kikubwa, aukamate mwanga wa jua na kuutuma kupitia mlangoni au dirishani. Lakini angalia sana: asiutume usoni mwa bibi hata mara moja! Jua la kioo huumiza macho, na mzee asiyeona vizuri ataumia zaidi. Autume kwenye ukuta uliopakwa chokaa, au kwenye shuka jeupe lililotundikwa upande mmoja wa bibi. Shuka litaupokea mwanga ule mkali na kuumwaga chumbani polepole, kama maziwa yanavyomwagwa katika uji. Ndipo utaiona mikunjo ya uso wake, shanga zake, na rozari iliyo mkononi, bila kivuli kikali hata kimoja.

Kama bibi aweza kufika mlangoni, kazi ni rahisi zaidi. Mkalishe ndani kidogo ya kizingiti, upande mmoja wa uso uelekee nje. Upande wa pili, ulio gizani, weka shuka jeupe au gazeti lililokunjuliwa. Sogeza shuka karibu, kivuli kitapungua. Lisogeze mbali, kivuli kitaongezeka. Wapiga picha wa mijini hununua vifaa maalumu kwa kazi hii, lakini shuka lako laweza kuifanya.

MPIGA PICHA NAYE AWEMO

Sasa tumrudie yule asiyeonekana. Tundika kioo ukutani, au mpe mtoto mkubwa akishike. Mama akisuka nywele za bintiye mbele ya kioo, wewe simama nyuma yao na upige picha ya kilichomo kiooni. Utampata mama, utampata binti, nawe mwenye kamera utakuwa nyuma yao. Familia nzima imo, wala hakuna aliyeachwa.

Yapo mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni umbali. Sura iliyo kiooni haikai juu ya kioo, bali huonekana kama imo nyuma ya kioo, mbali sawasawa na mtu alivyo mbele yake. Ikiwa mama yuko mita 1 kutoka kwenye kioo, nawe uko mita 2 kutoka hapo, basi kwa kamera sura yake iko umbali wa mita 3. Mwenye kamera ya kurekebishwa kwa mkono aiweke kwenye 3, si kwenye 2. Mwenye simu aguse uso uliomo kiooni, asiguse fremu, la sivyo atapata fremu safi na mama wa ukungu.

La pili ni taa. Usiwashe taa ya kamera kuelekea kioo moja kwa moja. Mwanga utakurudia kama ule mpira, na katika picha utaona jua jeupe mahali pa kichwa chako. Tumia mwanga wa dirishani, tena uangukie nyuso za watu, si kioo chenyewe.

La tatu ni ukubwa. Watu wengi hudhani kwamba mtu ataonekana wima mzima ikiwa tu kioo kina urefu kama wake. Sivyo. Kioo cha nusu ya kimo chake chatosha, kikitundikwa wima mahali panapofaa. Mtu wa sentimeta 160 aweza kujiona kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu katika kioo cha sentimeta 80.

La nne ni vumbi. Jicho letu halijali alama za vidole, lakini kamera huzihesabu zote. Futa kioo kwanza.

Pengine utasema, "Hiyo ni michezo ya wenye nafasi." Basi sikiliza habari za Vivian Maier. Alizaliwa New York, Marekani, mwaka 1926, na kwa miaka mingi alifanya kazi ya yaya, akilea watoto wa watu wengine, hasa katika mji wa Chicago. Siku zake za mapumziko alitembea mitaani na kamera kifuani, akapiga picha nyingi sana ambazo hakumwonyesha karibu mtu yeyote. Mwaka 2007 masanduku yake yalipigwa mnada, na walioyanunua walishangaa kukuta picha za fundi hodari. Yeye alifariki mwaka 2009, kabla jina lake halijajulikana duniani. Nasi tunaijua sura yake vizuri kwa kuwa alizoea kujipiga picha katika vioo na madirisha ya maduka. Mtumishi wa nyumbani, asiyetazamwa na mtu, alijiandika mwenyewe kwa kioo.

MAJI NI KIOO CHA BURE

Asiye na kioo ana maji. Katika bonde la Kamsamba, wilaya ya Momba, ambako watu hulima mpunga, majaruba yenye maji huwa vioo vilivyolala chini. Na masika kila njia ya kijijini ina madimbwi. Amka mapema, saa kumi na mbili na nusu au saa moja, kabla upepo haujaamka. Upepo mdogo tu wavunja sura yote.

Siri ya maji ni kuinama. Ukisimama na kutazama chini moja kwa moja, maji hurudisha mwanga kidogo sana, nawe utaona matope ya chini. Lakini ukichuchumaa hata kamera ikaribie kuyagusa maji, yanakuwa kama fedha iliyosuguliwa, na mti, kanisa, au mtoto aliyebeba ndoo huonekana amesimama juu ya kichwa chake. Dimbwi lisilozidi upana wa ungo laweza kubeba kanisa zima na msalaba wake. Kumbuka pia kwamba sura ya majini huwa na giza kidogo kuliko kitu chenyewe. Wala hilo si kosa lako, ndivyo maji yalivyo.

Nawaonya lakini wazazi: dimbwi la njiani ni salama, Ziwa Rukwa si dimbwi. Lina mamba. Mtoto asichuchumae ukingoni mwa ziwa wala mto kwa ajili ya picha. Hakuna picha yenye thamani ya mguu wa mtoto.

VIOO VYA MALORI

Ukifika Tunduma utaona malori yamepanga foleni kuelekea Zambia na Kongo, na kila lori lina vioo vyake vya pembeni, ambavyo madereva huviita saiti mira. Baadhi ya vioo hivyo si bapa. Vimebinuka kwa nje kama mgongo wa kijiko. Watoto hufundishwa shuleni kuviita vioo mbinuko. Faida yake ni kukusanya mambo mengi mahali padogo: barabara, maduka, mama muuza ndizi, na anga lote. Hasara yake ni kupunguza kila kitu. Sasa unafahamu kwa nini uso wa baba yangu ulikuwa ukungu. Kioo kilimpokea, lakini kilimfanya mdogo mno. Kwa hiyo ukitaka kumpiga mtu picha katika kioo mbinuko, mlete karibu sana na kioo, nawe sogea karibu vilevile.

Mafundi wa kale walikijua kioo hiki. Mwaka 1434 Jan van Eyck alichora picha ya mume na mke, ambayo leo imo katika jumba la picha la taifa mjini London. Ukutani nyuma yao alichora kioo mbinuko kidogo, na ndani yake waonekana watu wengine wawili wakiingia mlangoni. Kuzunguka kioo hicho alichora vipicha kumi vya mateso ya Bwana wetu. Chumba kizima, wageni, na Njia ya Msalaba, vyote katika mduara mdogo!

Lakini uwe na akili Tunduma. Mwombe dereva ruhusa, na lori liwe limesimama kabisa. Usisimame barabarani. Tena usielekeze kamera kwa askari, wala kwa kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa mwaka 2019, pasipo ruhusa ya wenye mamlaka. Na kioo hakitakuficha. Wakikuona kiooni, nawe waonekana.

VIOO VIWILI NA PUNJE MOJA YA KAHAWA

Watoto nao wapate chao. Chukua vioo viwili vidogo, visimamishe mezani vikigusana kama kitabu kilichofunguliwa, na katikati weka punje moja ya kahawa. Fungua vioo kwa pembe mraba, yaani nyuzi 90: utahesabu punje nne, moja ya kweli na tatu za kiooni. Bana mpaka nyuzi 72: zinakuwa tano. Bana tena mpaka nyuzi 60: zinakuwa sita. Hesabu yake ni nyepesi: gawa 360 kwa pembe ya vioo.

Miaka ya 1890 wapiga picha wa Marekani walifanya biashara kwa hesabu hiyo. Mteja aliketi kuelekea pembe ya vioo viwili, mgongo kwa kamera, na katika picha moja alitokea mara tano, kama mtu anayeongea mezani na ndugu zake pacha. Nawe waweza kujaribu ukiwa na vioo viwili vikubwa. Mtoto atacheka, na akicheka amekwisha kujifunza hesabu bila kujua.

KIOO KINA ADABU YAKE

Mambo matatu ya mwisho, nayo ni ya kuangaliwa.

Kioo huonyesha vilivyo nyuma yako. Kabla hujampelekea mtu picha, itazame pembe zote. Pengine yupo mgonjwa kitandani, pengine mtu anabadili nguo, pengine karatasi yenye namba za siri iko mezani. Picha ikishatoka mkononi mwako hairudi.

Kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Pete ya ndoa ya mama itaonekana katika mkono usio wake, na maandishi ya fulana yatasomeka kinyume. Simu nyingi zaweza kuigeuza picha upya. Ifanye hivyo ukitaka ukweli wa mkono wake.

Tena, kioo si cha kujipenda tu. Wapo vijana wanaojipiga picha arobaini kwa siku, wala hawana hata moja ya mama aliyewazaa. Wahenga walisema, nyani haoni kundule. Mtume Yakobo naye katika barua yake alimtaja mtu anayejitazama kiooni, kisha akaenda zake akasahau alivyo. Na Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho, watu ambao vioo vyao vilikuwa vya shaba iliyosuguliwa, visivyoonyesha sawasawa, kwamba ujuzi wetu wa sasa ni kama kutazama katika kioo cha namna hiyo, lakini siku moja tutaonana uso kwa uso. Ninapoitazama kofia ya baba yangu katika kile kioo cha lori, maneno hayo nayaelewa kuliko nilipoyasikia darasani.

Basi, ndugu yangu, Jumapili hii mkirudi kutoka Misa, nguo safi zikiwa bado mwilini, tundika kioo, leta shuka, mwite bibi, mwite na yule ambaye siku zote hushika kamera. Kisha picha mliyoipenda isiachwe ndani ya simu, maana simu huanguka majini, huibiwa, hufa. Ipeleke kwa fundi aichapishe, na nyuma yake uandike kwa kalamu jina la kila mtu, mahali, na mwaka. Majuto ni mjukuu. Sisi tulingoja, wewe usingoje.